Bwawa Lililogeuka Chai, na Mama Niliyemsingizia

Jumamosi, Agosti, saa kumi na moja jioni

Upepo umetulia leo saa tisa, ghafla, kama mtu aliyekatizwa maneno. Tangu Jumatatu ulikuwa unavuma mchana kutwa, unatia vumbi kwenye sukari, kwenye masikio, na kwenye mabwawa ya watu wanaotulipa tuwaondolee vumbi hilohilo. Nimekaa kibarazani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Vidole vyangu bado vimekunjamana. Uani mama anaanika ovaroli zetu mbili, na anaimba.

Anaimba, baada ya nilichomfanyia jana. Ndiyo maana siwezi kukaa tu bila kuandika.

Nianze kwa kukiri, nisije nikapamba halafu nikaishia kujitetea. Nilifanya kosa la kazi. Likaonekana. Nikamsingizia mama yangu, mbele yake, na yeye akalipokea.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni maelezo.

Kwa aliyefika kwenye ukurasa huu leo: mimi na mama tunasafisha mabwawa ya kuogelea hapa Dodoma. Najua inavyosikika. Katika mji ambao maji ya bomba yana ratiba na kila nyumba ina mapipa, sisi tunaishi kwa kutunza maji ya kuchezea. Shangazi alipoambiwa alicheka mpaka akaomba kiti. Lakini mji umekua. Wizara zimehamia Mtumba, na nyuma ya wizara zimekuja loji, hoteli na nyumba za kuta ndefu, na karibu kila mwenye ukuta mrefu anataka kitu cha bluu nyuma yake. Wanachimba, wanaweka vigae, wanajaza, wanapiga picha. Baada ya miezi mitatu vyura wamehamia.

Sisi tulianza na vyura.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama akaanza kuosha matenki ya maji ya watu. Ni mdogo wa mwili, anapita kwenye mdomo wa tenki bila kukwaruza bega. Alikuwa anaingia na brashi na tochi, anaimba humo ndani, na sauti yake inatoka imekuwa kubwa mara tatu, hadi watoto wa nyumba ile wanakusanyika kusikiliza tenki linaloimba. Nimesoma kemia chuo kikuu kwa brashi ile. Nikamaliza, nikazunguka Mtumba na bahasha miaka miwili, viatu vikaisha kisigino upande mmoja. Siku moja mama akanipigia simu kutoka Area D, kwenye nyumba ya mzee mmoja mstaafu ambaye alikuwa anamwoshea tenki.

"Huku nyuma kuna shimo la kijani," akasema. "Mwenyewe anasema lilikuwa bwawa. Njoo na vitabu vyako."

Ilituchukua siku tisa. Mama alihesabu vyura mpaka thelathini akachoka. Tuliwabeba kwenye ndoo tukawapeleka korongoni, kwa sababu alikataa katakata wauawe. Siku ya tisa, jua lilipopiga maji na tukaona vigae vya chini, kila kigae na mstari wake, mama alikaa ukingoni akanyamaza. Mama yangu, ambaye hanyamazi hata akiwa ndani ya tenki.

Leo tuna mabwawa kumi na moja. Tuna pampu yetu ya akiba, vifaa vya kupimia maji, na kadi zilizoandikwa "Rehema na Mama." Jina alilichagua yeye. Mimi nilitaka jina la Kizungu.

Mgawanyo wetu wa kazi ni huu: mimi napima, yeye anajua. Naandika hivyo bila utani. Anazunguka bwawa pekupeku kabla hatujagusa chochote, na nyayo zake zinahisi utelezi wa mwani siku mbili kabla macho hayajauona. Ananusa maji. Na ana sheria moja aliyoileta kutoka kwenye matenki: maji mageni hayaaminiwi. Boza likileta maji kutoka mahali tusipopajua, anachota kwenye ndoo nyeupe, anatia chembe ya klorini, anayalaza. Asubuhi anaangalia yameamkaje. Hapo ndipo tunaweka dawa kwenye bwawa lenyewe.

Usiku mmoja wa kusubiri. Hicho ndicho kitu nilichoshindwa kutoa.

Loji ya Mama Ansila iko barabara ya kwenda Mtumba, na ni mteja wetu mkubwa. Nusu ya wengine walitujua kwa mdomo wake. Mara kwa mara kanisa moja hukodi bwawa lake kwa ajili ya ubatizo wa kuzamishwa, maana mito yetu huku ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Huu wa leo ulipangwa mwezi mzima kabla. Watu thelathini na wawili, saa tatu asubuhi. Sisi ni Waislamu, lakini kukiwa na ubatizo mama huamka mapema zaidi na kusugua hata ngazi ambazo nimeshazisugua. Anasema hayo siyo maji ya kuchezea.

Alhamisi alasiri boza likafika. Bwawa lilikuwa limepungua kwa jua na upepo, zamu ya bomba ya mtaa ule ingefika Jumapili, kwa hiyo Mama Ansila akaagiza maji ya kisima kirefu cha mtu binafsi huko nje ya mji. Yalikuwa maangavu kabisa. Mama akachota kwa kiganja, akanusa.

"Rehema, haya yana harufu ya msumari. Tuyalaze kwenye ndoo kwanza."

Karibu nasi alikuwa amekaa mgeni mmoja wa loji, kijana wa suti aliyekuja kwenye semina. Dakika chache kabla alikuwa ameniuliza nimesoma nini, nami nikamjibu kwa sauti ambayo sasa hivi ningependa kuisahau. Aliposikia maneno ya mama akainua macho kwenye kompyuta yake.

"Sasa dada mkemia, unaamrishwa na mama wa usafi?"

Alikuwa anatania. Hakumaanisha ubaya. Nami nikacheka naye.

Sikumwambia kwamba huyo ni mama yangu.

Nikamwambia mama muda hautoshi, ubatizo ni keshokutwa, maji yanaonekana yenyewe kwamba ni safi. Nikapima klorini ya kutosha bwawa zima, nikaimwaga kwa mkono wa maringo, nikizunguka ukingo kama mtu anayepigwa picha. Mama hakubishana. Alikusanya mipira akaikunja.

Ijumaa saa moja asubuhi bwawa lilikuwa chai. Chai ya rangi iliyokolea, ambayo ungeweza kuitafutia tangawizi.

Nilijua sababu kabla sijashusha begi begani. Kisima kile kina madini ya chuma. Chuma kikishayeyuka kwenye maji hukioni, maji yanabaki maangavu. Ukitia klorini kinapata kutu humohumo, kila tone. Niliwahi kuandika hilo kwenye mtihani na kupata alama zote. Ndoo nyeupe ingeniambia kwa chembe moja ya dawa.

Mama alichuchumaa ukingoni, vidole majini. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Limechachamaa, lakini si la kufa."

Mama Ansila akatoka jikoni, kanga kiunoni, mwiko bado mkononi.

"Yesu wangu! Hiki ni nini?"

Nikaanza kueleza. Akanikatiza.

"Kesho wanakuja watu na mashuka yao meupe. Wataingia weupe watoke kahawia? Nimwambie nini mchungaji?" Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Nani aliweka dawa?"

Nimejaribu tangu jana kukumbuka kama niliwaza. Sikuwaza. Kinywa kilifunguka chenyewe, na kilikuwa na jibu tayari, kama jibu hilo lilikuwa limekaa hapo siku nyingi likisubiri kuulizwa.

"Mama alizidisha kipimo."

Mama aligeuza uso akanitazama. Mara moja tu, kwa kifupi sana. Kisha akasimama, akajifuta vidole kwenye ovaroli, akamgeukia Mama Ansila.

"Nisamehe mama. Macho yangu haya, siku hizi yananichezea."

Macho yake! Majirani bado wanamletea sindano awatungie uzi.

Mama Ansila hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kwa upole, upole wa mtu anayefunga mlango taratibu: "Mama Rehema, kwa heshima zote, wewe pumzika nyumbani. Bwawa langu usiliguse tena. Binti atamaliza mwenyewe, yeye amesoma."

Yeye amesoma.

Mama akavua mabuti, akayapanga pembeni ya chumba cha pampu, akavaa kandambili zake. Akaondoka kwa bajaji. Mimi nikabaki nimesimama kando ya chai yangu.

Kuyamwaga yote na kujaza upya hakukuwezekana. Yangehitajika maboza kadhaa, na hata kama yangepatikana, ningewezaje kumwaga bwawa zima wakati ng'ambo ya ukuta ule watu wamepanga ndoo kwenye foleni? Nilichohitaji ni dawa ya kugandisha kutu ili izame, niinyonye chini. Nikampigia muuzaji wetu Dar. Akasema imeisha, labda Jumatano. Nikapiga kwingine. Hakuna. Nikakaa kwenye ngazi za bwawa. Kumpigia mama sikuthubutu.

Akapiga yeye.

"Umekula?"

"Bado."

"Kula. Halafu nimewaza: shabu."

Shabu! Jiwe lile jeupe ambalo nimekua nikiliona kwenye kopo juu ya pipa letu, maji ya tope yakija unalizungusha mara kadhaa, kesho tope liko chini. Ni dawa ileile niliyokuwa naitafuta Dar, tofauti ni gunia na lebo. Chuoni niliandika kanuni yake ya kemia. Nyumbani niliinywea maji. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba ni kitu kimoja.

"Lakini mama, bwawa zima? Zitahitajika kilo nne."

"Niko Majengo sokoni sasa hivi. Wauzaji wa viungo wananishangaa, wanadhani nafungua kibanda cha kunyolea ndevu."

"Mama," nikasema, nikitaka kumwomba radhi. Nikasema jambo la kijinga badala yake: "Umekatazwa."

"Nimekatazwa kugusa bwawa. Kutwanga sijakatazwa."

Saa sita bajaji ikasimama nje ya geti. Mama hakushuka. Ndahani, mlinzi wa pale, kijana wa Kigogo anayempenda mama kuliko anavyonipenda mimi, akakimbilia na salamu ya kwao.

"Mbukwenyi, bi mkubwa! Leo hushuki?"

"Mbukwenyi baba. Nimefukuzwa kazi."

"Wewe? Na nani?"

"Na uzee." Akacheka, akampa mfuko wa shabu iliyotwangwa laini kama unga wa lishe, na bakuli la wali na mchuzi lililofungwa kwa kitambaa. Kisha akanielekeza akiwa amekaa palepale, kichwa amekitoa nje ya bajaji. Nitie magadi kwanza, maana shabu inayafanya maji yawe makali. Nikoroge kuelekea upande mmoja kwa muda wa kuswali rakaa nne, halafu niache. "Na usiyapitishe kwenye mchanga wa chujio, yataganda humo kama uji. Acha yatulie. Usiwe unachungulia kila saa."

Mikono yake ilikuwa mieupe mpaka viwiko. Alikuwa ametwanga asubuhi nzima ili kosa langu, ambalo sasa lilikuwa lake, litoke.

Niliyafanya yote. Sikumwomba msamaha. Nilirudi nyumbani jana jioni, tukala, akaniuliza maji yameanza kushuka, nikasema yameanza, tukalala. Kuna aina ya woga unaojifanya uchovu. Nilikuwa na huo.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa loji. Baridi ya Agosti, ile inayokata masikio. Nilisogea ukingoni nikiwa nimefumba macho, halafu nikafumbua. Kutu yote ilikuwa imelala chini, kama blanketi la kahawia lililotandikwa vizuri, na juu yake maji hayana rangi kabisa.

Kazi ya kulinyonya blanketi lile ni ya mama. Ana mkono wa polepole. Unasukuma kichwa cha kunyonyea chini ya maji kana kwamba unapita chumba chenye mtoto aliyelala, ukishtuka kidogo tu wingu linapanda na unasubiri upya. Mimi niliharakisha mara moja, karibu na ngazi, na wingu likanipandia, na nikakaa nusu saa nikiliangalia lishuke huku jua linapanda. Maji machafu tuliyapeleka kwa mpira hadi uwanja wa kuegeshea magari, Ndahani akawa anayasambaza kwa ufagio kulaza vumbi. Hakunisemesha sana. Aliniuliza tu, "Bi mkubwa hajambo?" na nikajibu hajambo, na akaniangalia muda mrefu kuliko inavyostahili swali hilo.

Saa mbili na nusu kazi ikaisha. Nilipima mara tatu. Maji yalikuwa salama. Unaweza kuhesabu vigae.

Mama Ansila akaja amevaa kitenge kipya. Akasimama. Akaweka mkono kifuani.

"Umeona?" akasema. "Ukiwa peke yako kazi inakwenda. Yule mama umpumzishe tu, umpe vikazi vya nyumbani."

Nikasema asante.

Naandika tena ili nijione: nikasema asante.

Wakaja wakiimba, kwa basi dogo na pikipiki. Waliingia mmojammoja, na kila anayezamishwa anaibuka akihema kwa baridi, wengine wanapiga kelele ambazo sijui kama zilikuwa za furaha au za Agosti. Vijana wa kwaya walikuwa wanawacheka kwa upendo. Nilisimama karibu na chumba cha pampu kama inavyotakiwa, kuangalia usalama. Kuelekea mwisho akafika bibi mmoja mwembamba, amejifunga shuka jeupe. Akashuka ngazi ya kwanza, akasimama. Hakwenda mbele wala nyuma. Mchungaji akamnyooshea mkono, akakataa.

"Bado," akasema. "Mniache kwanza niyaangalie."

Wakaimba wimbo mzima. Bado. Mchungaji akanitazama. Nikavua mabuti, nikaingia na ovaroli yangu mpaka kiunoni, nikamfikia.

"Shikamoo bibi. Hapa kina chake ni kiunoni tu. Nishike."

"Marahaba mjukuu." Akanishika mkono kwa nguvu za kushangaza. "Nikiwa mdogo mto ulimchukua dada yangu, siku ambayo asubuhi yake ulikuwa mchanga. Maji siyaamini." Akainamisha kichwa, akatazama miguu yake chini, kila kidole. "Haya lakini yanaonekana. Nani kayasafisha?"

"Mama yangu."

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kwaya ilikuwa imepumzika. Mama Ansila, aliyekuwa upande wa pili na sahani ya mandazi ya wageni, akasimama kabisa.

"Mama yako hodari," bibi akasema, akashuka ngazi zilizobaki, akamwachia mchungaji mkono mmoja na mimi akanibakizia mwingine. Alipoibuka alikuwa anacheka na kulia. Nilimfunika kanga begani. 

Mama Ansila alikuwa ananisubiri nyuma ya chumba cha pampu.

"Umesema nini kule?"

Nikamwambia. Kwamba dawa niliweka mimi. Kwamba mama alinikataza. Kwamba macho yake hayana kasoro. Kwamba shabu ilikuwa wazo lake, na aliitwanga yeye, na kwamba bila yeye leo watu wangebatizwa kwenye chai. Nilisema haraka, nikiangalia mabuti ya mama ambayo bado yalikuwa yamepangwa palepale alipoyaacha.

Naye akayatazama mabuti. Alipokuwa akiyatazama nilipoteza loji, na wateja wote aliotuletea, mmojammoja, kwa majina.

"Kwa hiyo jana nimemfukuza mtu asiye na kosa. Kwangu. Mbele ya wafanyakazi wangu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa umesimama."

"Ndiyo."

Akafungua kitenge akakifunga upya, kwa nguvu.

"Mwambie mama yako Jumatatu aje. Nitamwomba radhi mwenyewe. Aje yeye. Wewe sitaki kukuona kwenye bwawa langu mpaka nitakapokuita."

"Lakini dawa huwa napima mimi, yeye hajawahi..."

"Mfundishe. Si umesoma?"

Nilirudi nyumbani na ovaroli mbichi. Mama alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Nikakaa sakafuni mbele yake na kumwambia yote, hata ile asante, hata kijana wa suti. Yeye aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye "aje yeye, wewe sitaki kukuona," mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo sasa umefukuzwa wewe?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka choroko zikaruka. "Tumefukuzwa wote! Loji moja, siku mbili. Tubadilishe kadi."

Mimi sikuweza kucheka. Nikamwomba msamaha, vibaya, maneno yakigongana. Halafu nikamuuliza kilichonikosesha usingizi: kwa nini alisema lile la macho? Angekaa kimya tu, ingetosha.

"Ulikuwa umeshasema," akanijibu. "Nikuache na uongo peke yako mbele ya watu?"

Akarudi kwenye ungo. Baada ya muda, bila kuniangalia:

"Lakini usirudie, Rehema. Iliniuma."

 Akachukua ovaroli yangu, akatoka nayo uani.

Nimekaa na neno hilo moja tangu saa nane. Iliniuma. Mama hasemi hivyo. Aliangukiwa na mfuniko wa tenki mguuni, hakusema hivyo. Nadhani angeweza kuniachia msamaha mtupu, laini, nami ningeumeza na kusahau. Amenipa na mfupa wake. Nashukuru kwa mfupa.

Nilidhani kitakachonisumbua jioni hii ni aibu. Kumbe ni jambo jingine kabisa. Vipimo nitamwandikia, anasoma vizuri, atavijua ndani ya saa moja. Kinachonitisha ni kwamba Jumatatu atakuwa peke yake kando ya maji yenye kina cha mita mbili upande wa mbali, kwenye ukingo unaoteleza, na mama hajui kuogelea. Miaka yote hii ya mabwawa, na hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Mimi najua, na nilikuwepo, kwa hiyo hatukuwahi kuliona kama tatizo.

Nimempigia mzee wa Area D. Ametukubalia tutumie bwawa lake kesho asubuhi, kabla wajukuu zake hawajaamka.

Mama amepinga kwanza. Ana umri gani wa kujifunza kuelea? Atavaa nini? Dera litamvuta chini. Nimemwambia atavaa ovaroli, kama mimi leo. Watu watamwona. Nimemwambia ukuta ni mrefu. Akaniuliza nitamshika wapi. Nikamwonyesha: mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya kichwa, yeye anatazama juu tu. Akajaribu kulala hivyo kwenye mkeka, mikono ameitandaza, akicheka, halafu akaacha kucheka.

Amekubali kwa sharti moja. Nisimwachie mpaka aseme mwenyewe.

Kesho saa moja asubuhi mama anaingia majini. Sitamwachia mpaka aseme.